Taya Ambalo Meno Hayakulijenga

Mwaka 1965, mjini Gothenburg nchini Sweden, mwanamume aitwaye Gösta Larsson aliwekewa skrubu nne za titani kwenye taya la chini. Larsson alizaliwa na kaakaa lililopasuka na taya lenye kasoro, na taya lake la chini halikuwa na meno. Aliyemtibu ni Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa mifupa ambaye miaka ya 1950, katika majaribio ya sungura, aligundua kwamba titani ikikaa ndani ya mfupa kwa muda, mfupa huishika isitoke tena. Larsson alitafuna kwa msaada wa skrubu hizo hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kisa hiki husimuliwa kila mahali panapofundishwa vipandikizi vya meno, na karibu kila mara husimuliwa kwa ajili ya titani. Kinachonigusa mimi ni mgonjwa mwenyewe. Binadamu wa kwanza kunufaika na tiba hii hakuwa mzee aliyeng'olewa meno baada ya kuoza. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu ambaye tangu kuzaliwa taya lake halikukamilika. Leo kliniki za vipandikizi zimejaa watu waliopoteza meno kwa kuoza, kwa ugonjwa wa fizi, kwa ajali za bodaboda, nao wana haki ya kutibiwa. Lakini wale waliofanana na Larsson wamesogezwa nyuma ya foleni. Wakiwa watoto huambiwa wasubiri wakue. Wakishakua huambiwa mfupa hautoshi. Mfupa ukipatikana huambiwa bima hailipii urembo.

Ninachotaka kukieleza ni kwamba kwa wagonjwa wa aina hii skrubu ni hatua ya mwisho ya kazi inayoanza mtoto akiwa na miaka mitatu au minne. Matokeo ya siku ya upasuaji, kwa kiasi kikubwa, huwa yameshaamuliwa na yaliyofanyika, au yasiyofanyika, katika ile miaka kumi na mitano ya katikati. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tujue ni kasoro gani tunazozungumzia, maana hazifanani na hazitaki tiba moja.

Kubwa kati ya zile zinazomwacha mtu bila meno ni kundi la maradhi ya kurithi yanayogusa tabaka la nje la kiinitete. Tabaka hilo ndilo linalozaa ngozi, nywele, kucha, tezi za jasho na sehemu ya meno, kwa hiyo hitilafu moja tu mapema hujitokeza sehemu zote hizo kwa pamoja. Mtoto huwa na nywele chache na nyepesi, ngozi kavu, jasho kidogo au hana kabisa. Meno huchelewa kuota, huwa machache, na yale yanayoota mbele huwa membamba yenye ncha. Charles Darwin aliielezea familia ya namna hii mwaka 1875, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa na binadamu. Familia hiyo iliishi Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistan, na wanaume kumi wa vizazi vinne walikuwa na meno machache tu, wakipata vipara mapema na kuteswa na joto. Darwin aliona pia kwamba mabinti wa ukoo huo hawakuugua, lakini watoto wao wa kiume waliugua. Maelezo ya jambo hilo yalipatikana mwaka 1996, pale jeni iitwayo EDA ilipotambuliwa kwenye kromosomu ya X.

Katika nchi za joto ugonjwa huu humfikia daktari wa watoto kabla ya daktari wa meno. Mtoto mchanga asiyetokwa jasho, aliyelala kwenye chumba cha bati Dar es Salaam mwezi Februari, joto la mwili wake hupanda kama mwenye malaria. Hupimwa, hakutwi na vijidudu, hupewa dawa ya kushusha homa, hurudishwa nyumbani, na kesho yake joto limepanda tena. Ni katika hatua hiyo ambapo shauri la majirani linaweza kumharibia maisha. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini Tanzania imani ya meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Homa na kuharisha kwa mtoto husemwa kuwa vinasababishwa na uvimbe mweupe unaoonekana kwenye fizi, na mtoto hupelekwa kwa mtu anayeuchimbua. Kinachochimbuliwa ni kichipukizi cha chonge ya utotoni, na mara nyingi kichipukizi cha chonge ya ukubwani kilicho chini yake huharibiwa pia. Kwa mtoto yeyote huo ni ukatili na hatari ya maambukizi. Kwa mtoto aliyejaliwa vichipukizi vichache tu katika taya zima, ni kunyang'anywa hata kile kidogo alichopewa. Miaka kumi na mitano baadaye, daktari anayeangalia eksirei yake hawezi kujua kwa hakika ni pengo lipi alizaliwa nalo na lipi lilichimbwa, mpaka amuulize mama, na amuulize kwa upole.

Wapo pia watu wenye nywele na jasho la kawaida ambao wamekosa meno mengi. Yakikosekana meno sita au zaidi ya ukubwani, bila kuhesabu magego ya mwisho, madaktari huichukulia kama kasoro nzito na hutafuta chanzo cha kurithi. Jeni kadhaa zinajulikana, zikiwemo MSX1, PAX9 na WNT10A. Moja nyingine, AXIN2, ina somo la pekee. Mwaka 2004 watafiti walieleza familia moja ya Finland ambamo watu waliokosa meno mengi walikuwa pia wakipata saratani ya utumbo mpana. Hali hiyo ni nadra sana na haifai kumtisha kila mwenye pengo. Lakini inatosha kumfanya daktari aliyeketi na mgonjwa aliyekosa meno kumi aulize habari za ukoo mzima kabla ya kufungua orodha ya bei.

Kundi la pili ni la meno yaliyopo ila yameumbika vibaya, na hapa ndipo ninapoona makosa yanayoumiza zaidi. Kuna watu ambao enameli yao, lile gamba gumu la nje, ni nyembamba au laini tangu jino linatoka. Meno huwa ya njano au kahawia, hushtuka yakiguswa na maji baridi, na humeguka. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Meru hadi Nakuru, kasoro hii huchanganywa kirahisi na madoa yanayoletwa na floraidi nyingi kwenye maji. Namna ya kuzitofautisha haihitaji mashine. Floraidi haichagui ukoo. Watoto wote waliokunywa kisima kimoja hubeba alama zake, na meno ya utotoni huathirika kidogo kuliko ya ukubwani. Kasoro ya kurithi huonekana kwenye seti zote mbili za meno na hufuata damu. Ndugu watatu wanaweza kuwa nayo ilhali binamu waliokulia nao uani, kwa maji yaleyale, meno yao ni meupe.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mwenye enameli mbovu kwa kawaida ana mizizi mizima. Mizizi yake inaushika mfupa, mfupa unajengeka vizuri, na jino linaweza kufunikwa kwa krauni likafanya kazi miaka mingi. Kuyang'oa meno hayo ili kuweka vipandikizi ni kuondoa kilicho bora na kuweka kilicho hafifu. Nalisema hili bila kusitasita kwa kuwa kishawishi kipo. Kijana wa miaka 20 amechoka kuficha mdomo kwa kiganja, ana fedha za ndugu walioko ughaibuni, na anamwomba daktari ang'oe yote aanze upya. Daktari mwema atamwambia kwamba mzizi wake mwenyewe, hata ukibeba jino baya, unashinda skrubu yoyote iliyowahi kutengenezwa.

Kasoro za dentini, yaani sehemu ya ndani ya jino, ni ngumu zaidi kuzitolea hukumu. Katika aina inayojulikana zaidi, inayotokana na jeni ya DSPP, meno huwa na rangi ya kijivu au kahawia inayopitisha mwanga, enameli hubanduka, na jino husagika hadi kufikia usawa wa fizi. Ukiwahi kuyafunika magego ya utotoni kwa krauni za chuma, na baadaye kuyakinga ya ukubwani, mengi yanaweza kuokolewa. Lakini iko aina nyingine ambayo jino kwa nje ni zuri kabisa huku mzizi ukiwa mfupi mno au haupo. Meno hayo hulegea na kuanguka yenyewe ujanani, na hapo vipandikizi ni jibu la haki. Tena dentini mbovu inaweza kuambatana na ugonjwa wa mifupa inayovunjika ovyo. Wagonjwa hao wengi hupewa dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, na dawa hizo zina hatari inayojulikana ya kufanya mfupa wa taya ufe baada ya upasuaji. Daktari asiyeuliza kuhusu mifupa iliyowahi kuvunjika utotoni anaweza kutoboa taya ambalo halikupaswa kutobolewa kabla ya mashauriano na mtaalamu wa mifupa.

Sasa tuje kwenye mfupa, kwani hapo ndipo kuna uzito wote wa suala hili.

Taya lina sehemu mbili. Kuna mfupa wa msingi, ambao mtu huwa nao hata kama hana jino hata moja. Juu yake kuna tuta la mfupa linaloshika mizizi, na tuta hili huota pamoja na meno, hudumu pamoja nayo na huondoka yanapoondoka. Aliyeng'olewa jino akiwa na miaka 40 alikuwa na tuta, na likianza kuyeyuka bado hubaki la kutosha kwa muda fulani. Aliyezaliwa bila kichipukizi cha jino hakuwahi kuwa na tuta. Ukiitazama picha ya skani ya taya la chini la kijana wa namna hiyo, iliyokatwa vipande kutoka mbele hadi nyuma, unaona mfupa mpana upande wa chini unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda, mpaka juu kabisa ambako fizi imekalia ukingo wa milimita mbili au tatu.

Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha takriban milimita 4 na urefu wa milimita 10 hivi. Kinahitaji mfupa wa walau milimita moja kila upande, ili damu iendelee kuulisha ukuta unaokizunguka. Jumla ni milimita 6. Tofauti ya milimita tatu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama kijana atatoka na meno baada ya miezi minne au ataingia kwanza chumba cha upasuaji kutolewa kipande cha mfupa wa nyonga. Pengine kilele chembamba husawazishwa mpaka ufikiwe mfupa mpana wa chini. Pengine hutumika vipandikizi vyembamba chini ya milimita 3.5. Kwenye taya la juu, ambako mfupa ni laini zaidi na vishimo vya hewa vya usoni viko karibu, kuna njia ya kupitisha skrubu ndefu hadi kwenye mfupa wa shavu, ambayo pia ilitoka kwa Brånemark. Zote ni njia halali, na zote zinagharimu zaidi ya kipandikizi cha mtu aliyepoteza jino kwa ajali.

Mzazi akisikia kwamba mfupa haupo kwa kuwa meno hayapo, swali linalofuata huwa la busara kabisa: kwa nini basi asiwekewe mtoto vipandikizi mapema, mfupa ukue navyo? Jibu liko kwenye tofauti kati ya jino na skrubu. Jino halikugandana na mfupa. Limening'inia kwa nyuzi laini zinazouzunguka mzizi, na kwa njia ya nyuzi hizo husogea, huinuka na kufuatana na taya linapokua. Kipandikizi kimegandana na mfupa moja kwa moja. Uthabiti wake unatokana na kutosogea. Majaribio ya nguruwe wachanga yaliyofanywa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha wazi kwamba taya lilikua na meno yakapanda, vipandikizi vikabaki pale vilipowekwa. Ni mashua iliyofungwa kamba fupi gatini wakati maji yanajaa: nyingine zote zinapanda, yenyewe inazama pale ilipo. Mtoto aliyewekewa kipandikizi mbele juu akiwa na miaka 10 atafika 18 jino hilo likionekana fupi, limezama ndani, na kulitoa ni upasuaji mwingine unaokula mfupa ambao tayari ni haba. Kwa hiyo kanuni ya jumla ni kusubiri ukuaji uishe, kwa wasichana takriban miaka 17 au 18, kwa wavulana 20 au zaidi. Daktari makini hategemei cheti cha kuzaliwa peke yake. Hulinganisha eksirei za kichwa zilizopigwa kwa kupishana miezi kadhaa, mpaka aone hakuna mabadiliko.

Kuna mahali pamoja ambapo kanuni hii hulegezwa, nako ni sehemu ya mbele ya taya la chini kwa mtoto asiye na jino hata moja huko chini. Nusu mbili za taya hilo huungana katikati ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha, na baada ya hapo upana wa eneo la kidevu hubadilika kidogo tu. Tena hakuna meno jirani ya kupanda na kuviacha vipandikizi nyuma. Watoto wa miaka mitano au sita wamewekewa vipandikizi viwili hapo ili kushika meno ya bandia, na baadhi wamefanikiwa sana. Lakini takwimu za Sweden zinataka tuwe waangalifu. Uchunguzi uliopitia watoto waliowekewa vipandikizi nchini humo kati ya 1985 na 2005 ulikuta kwamba kwa watoto wadogo watano wenye ugonjwa huu wa tabaka la nje, vipandikizi 9 kati ya 14 vilipotea. Watafiti walielekeza kidole kwenye udogo wa taya na hali ya mfupa wakati wa upasuaji, kuliko kwenye ugonjwa wenyewe. Dhana hiyo inapata nguvu kutoka Marekani, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia wagonjwa 51 wenye ugonjwa huohuo kuanzia umri wa miaka 8 hadi 68, ulikuta asilimia 91 ya vipandikizi vya mbele kwenye taya la chini vimedumu, na asilimia 76 ya vile vya mbele kwenye taya la juu. Ugonjwa haukatai titani. Kinachokataa ni mfupa mdogo na umri mdogo.

Ndiyo maana nasema kazi iko katikati. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kutengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, na hufaa ayapate kabla ya kuanza shule. Yatambana kila baada ya mwaka au miwili, kwa sababu kichwa kinakua, na yatatengenezwa upya. Fundi wa meno ya bandia atalalamika kwamba hakuna tuta la kuyashikilia, na ni kweli. Ndiyo sababu vile vijino vyenye ncha, ambavyo mzazi anaviona aibu, ni hazina. Vikijazwa kwa kijazio cheupe hupata umbo la jino la kawaida, na meno ya bandia hupata pa kushikamana. Meno ya utotoni ambayo hayana mrithi chini yake yasing'olewe kwa sababu tu muda wake umepita. Kila mwaka jino hilo linapobaki, tuta la mfupa hubaki nalo. Nimewahi kuona gego la utotoni likitafuna kwa mtu wa miaka 30, na mfupa chini yake ulikuwa mpana kuliko mahali pengine popote kinywani mwake. Karibu na utu uzima, daktari wa kupanga meno husogeza meno machache yaliyopo ili nafasi zikusanyike pale ambapo mfupa unafaa, kwani mapengo saba yaliyotawanyika ni shida kubwa kuliko mapengo saba yaliyo mahali palipopangwa.

Hakuna linalofanyika katika miaka hiyo ambalo ni la kifahari. Ni eksirei, udongo wa kuchukulia alama za taya, plastiki ya waridi na uvumilivu. Lakini mtoto anayetafuna nyama na muhogo hukua tofauti na anayelishwa uji mpaka darasa la tatu, na mtoto anayetamka maneno vizuri hanyamazi darasani. Wenzake humwita kibogoyo, au mzee. Katika baadhi ya sehemu za pwani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego na zamani alihofiwa kuwa na nuksi. Mtoto wa ugonjwa huu, ambaye meno yake huja kwa mpangilio wake mwenyewe, huweza kuangukia kwenye hofu hiyohiyo. Mama yake naye hulaumiwa. Maelezo ya dakika kumi ya daktari mbele ya baba na bibi wa mtoto yanaweza kumwondolea mama huyo mzigo wa miaka.

Umri unapotimia, upasuaji wenyewe, kwa mwenye mfupa wa kutosha, ni mfupi na hufanyika kwa ganzi ya sindano. Adui mkubwa ni joto. Watafiti wa Gothenburg walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa ukifikishwa nyuzi 47 kwa dakika moja huharibika, na seli zilizokufa hazitaishika titani. Kwa hiyo keekee huzungushwa polepole, maji ya chumvi yaliyopozwa yakimwagika muda wote, na tundu hupanuliwa hatua kwa hatua, ncha nyembamba kwanza, kisha nene. Utaratibu wa awali wa Brånemark ulitaka kipandikizi kiachwe kimefunikwa miezi mitatu au minne kwenye taya la chini, na hadi sita kwenye taya la juu, ndipo kibebeshwe jino. Siku hizi muda huo hufupishwa kwa wengi. Kwa mwenye mfupa wa kuokoteza ningeomba usifupishwe.

Halafu kuna swali la nini kiwekwe juu. Matangazo huonyesha jino moja juu ya skrubu moja, mdomo mzima. Kwa kijana aliyekosa meno yote ya chini, vipandikizi viwili mbele vyenye vishikizo, na juu yake meno ya bandia ya kubana na kuvua, humbadilishia maisha kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kwamba hilo ndilo liwe chaguo la kwanza kwa mtu yeyote asiye na meno ya chini. Kwa Afrika Mashariki naona ndiyo njia ya kuanzia, kwa sababu hata kikitokea kitu, sehemu ya kurekebisha ni ndogo. Vishikizo vya mpira huchakaa na hubadilishwa. Skrubu hulegea. Na hapa kuna jambo dogo ambalo huleta mateso makubwa: kila kampuni ina skrubu zake na ufunguo wake. Mgonjwa aliyewekewa vipandikizi Muscat au Mumbai, akirudi Mombasa bila karatasi inayotaja aina na ukubwa, anaweza kuzungushwa kliniki baada ya kliniki kwa kukosa ufunguo wa kufungua kifaa kilichomo kinywani mwake. Adai kadi hiyo siku ya upasuaji na aipige picha.

Lazima pia isemwe kwamba kipandikizi hakiozi, lakini fizi na mfupa unaokizunguka huweza kushambuliwa na bakteria na kuliwa. Kwa wenye ugonjwa wa Papillon na Lefèvre, ulioelezwa Ufaransa mwaka 1924, hatari hii ni kubwa zaidi. Ngozi ya viganja na nyayo zao ni nene, fizi huugua vikali, na meno ya ukubwani huanguka wangali vijana. Chanzo ni kurithi jeni mbovu kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo huonekana zaidi pale watu wa damu moja wanapooana. Kuweka vipandikizi haraka baada ya meno kuanguka hakuondoi udhaifu wa kinga uliosababisha yaanguke. Wapo waliofanikiwa, ila ni kwa usafi wa kila siku na kumwona daktari mara kwa mara kwa maisha yote.

Nani alipe? Nchini Uingereza huduma ya taifa ya afya huwatambua waliozaliwa bila meno mengi kuwa miongoni mwa wanaostahili vipandikizi, huku wengi waliopoteza meno kwa sababu za kawaida wakijilipia. Marekani familia zimepambana kwa miaka, zikisaidiwa na taasisi ya kitaifa ya wagonjwa wa maradhi haya iliyoundwa mwaka 1981, kwa kuwa kampuni za bima hulipia kasoro nyingine za kuzaliwa na kuyaita meno urembo. Muswada wa kuzilazimisha ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2022, lakini Seneti ya wakati huo haikuupitisha. Kwetu mgonjwa kwa kawaida hulipa kutoka mfukoni, na harambee ya familia ndiyo bima. Sioni hoja ya kitabibu inayoweza kutenganisha kaakaa lililopasuka, ambalo hushonwa kama kasoro ya kuzaliwa, na taya lililozaliwa bila meno. Yote mawili humzuia mtu kula na kusema. Anayepanga kitita cha bima aangalie pia kwamba hawa ni wachache, wanaweza kuorodheshwa kwa majina, na gharama yao kubwa hukusanyika katika kipindi kimoja cha maisha.

Utafiti wa sasa unatafuta njia ya kuikwepa skrubu kabisa. Nchini Japani, kundi la Katsu Takahashi lilionyesha mwaka 2021 kwamba kuzuia protini moja iitwayo USAG-1 kulifanya panya waliokosa meno kuyaota. Mwaka 2024 dawa ya kuizuia protini hiyo ilianza kujaribiwa kwa wanaume wazima waliokosa walau gego moja, ili kupima usalama wake, na mpango ni kuwafikia baadaye watoto wadogo waliozaliwa na upungufu wa meno.

Njia nyingine, ya Erlangen nchini Ujerumani, imeshagusa watoto halisi. Daktari Holm Schneider na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba walidunga protini inayochukua nafasi ya ile inayokosekana kwa wenye hitilafu ya jeni ya EDA, wakaipeleka kwenye maji ya chupa ya uzazi, watoto wakiwa bado tumboni. Walikuwa watatu: mapacha, na mwingine mmoja. Walizaliwa wakiwa na uwezo wa kutokwa jasho, na vichipukizi vya meno vilikuwa zaidi ya vilivyotarajiwa kwa ugonjwa wao. Jaribio kubwa zaidi limefuata. Dawa hii ina dirisha la wiki chache tu za ujauzito, na mwanamke hawezi kuiomba kama hajui anabeba nini. Mbebaji wa jeni hii mara nyingi ana dalili ndogo tu: jino la pembeni mbele lililo jembamba lenye ncha, pengo moja lisilo na historia, nywele nyepesi. Mama wa wale mapacha alijua kwa sababu mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa ameshatambuliwa kuwa na ugonjwa huo, na familia ikaelezwa maana yake kwa mimba zitakazofuata.